Kaporali na Wenye Kanzu

Idarousse hakupenda mbwa. Hili liwekwe wazi mapema, maana baadaye nusu ya Moroni ilimsema kana kwamba alilelewa nao. Alikuwa mtu wa swala tano, mwembamba, mwenye miaka hamsini na ushei, aliyeletwa kwa ndege kutoka Majunga mwaka wa 1977 pamoja na maelfu ya wenzake waliokimbia mauaji ya kule Madagaska. Alishuka na mfuko mmoja wa nguo na dada yake, Naïma. Majunga alikuwa ameendesha magari ya ng'ombe bandarini kwa miaka ishirini. Moroni hapakuwa na magari ya ng'ombe. Basi akawa mlinzi wa geti.

Geti lilikuwa la mzungu. Mwaka wa 1978 askari mamluki wa kizungu walitua usiku, wakaipindua serikali, kisha badala ya kwenda zao wakakaa. Wakapanga nyumba, wakaoa, wakanunua samaki wakubwa kuliko walioweza kula. Mmoja wao alichukua nyumba kwenye mteremko, juu ya barabara inayoteremka kwenda soko la Volo Volo, akamwajiri Idarousse, akaleta na mbwa wa rangi ya majivu aliyemwita Kaporali. Mbwa yule aliwachukia watu wote. Mtu akipita barabarani, hana hili wala lile, Kaporali alijirusha mpaka mwisho wa mnyororo, macho mekundu, povu mdomoni, na akinamama walitupa vikapu.

Mwaka wa 1984 mzungu akaondoka. Alikwenda wapi, watu hawakuuliza. Alibeba kitanda, redio na chupa zake, akamwacha mbwa.

Nyumba ikapewa Charif, mkubwa wa ofisi fulani ya serikali, mtu wa suti na mkoba. Siku ya kwanza alipokuja kuitazama, Kaporali alimrukia hata Bwana Charif akakaa chini juu ya mawe meusi ya volkano, mkoba kule, kiatu huku. Akainuka akijipangusa.

"Mafundi watapaka rangi miezi miwili," alisema. "Nikihamia, mnyama huyu asiwepo. Nitamwita askari ampige risasi. Wewe, mzee, kazi yako ya geti utabaki nayo."

Hapo Idarousse angeitikia hewala na mambo yangekwisha. Lakini alimhurumia yule mbwa. Alikuwa amemtupia chakula miaka sita, na katika miaka hiyo sita Kaporali hakuwahi kumbwekea hata mara moja. Akamuuliza Bwana Charif kama hakuna mtu anayeweza kumchukua.

Charif akafikiri. "Shemeji yangu Djaanfar, kule Mutsamudu, kisiwa cha jirani, ana ghala la karafuu. Anaibiwa. Anataka mbwa, lakini hataki wa kumla mteja. Mfikishe mpaka mlangoni kwake bila kumrukia mtu, atamchukua. Akimrukia mtu mmoja, mmoja tu, basi ni kazi ya askari."

Miezi miwili! Wapo waliomshauri amchape. Idarousse aliwasikiliza kwa adabu, akawapa kisogo. Kule Majunga, ng'ombe akiogopa winchi ya bandarini, wajinga walimpiga, na ng'ombe akajifunza kwamba winchi huja pamoja na fimbo. Idarousse alimsimamisha ng'ombe wake mbali, pale alipoiona winchi lakini hajaanza kutetemeka, akampa majani. Kesho yake hatua moja mbele. Ilichukua siku nyingi, na waliokuwa na haraka walimcheka. Lakini ng'ombe wake hawakuwahi kuangusha mzigo baharini.

Basi akanunua vichwa vya samaki wakavu, akavivunja vipande vidogo. Akaondoa mnyororo, akamfunga Kaporali kamba ndefu, akampeleka nyuma kabisa ya kiwanja, hatua arobaini kutoka barabarani. Mtu akitokea, kabla mbwa hajatoa sauti, kipande cha samaki kinaanguka miguuni pake. Mtu akiendelea kupita, kingine. Mtu akipotea kwenye kona, samaki wamekwisha. Mbwa akikakamaa na kuanza kunguruma, Idarousse hakumkaripia. Alirudi naye nyuma hatua tatu, akasema, "Haya, leo tumejipeleka mbele mno," maneno ambayo alijisemea mwenyewe.

Shida yake kubwa ilikuwa maji. Unyevu wa mbwa ukikugusa, unaosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo uswali. Na Moroni haina mto hata mmoja; watu wanakunywa mvua iliyohifadhiwa kwenye birika, lile tangi la mawe la uani. Ngozi kavu ya mbwa mkavu haina neno, lakini pua ya mbwa haikauki, na Kaporali, kadiri alivyozidi kumpenda mtu, ndivyo alivyozidi kumpelekea pua.

"Kaka, mara saba tena!" Naïma alipiga kelele. "Leo ya tatu! Tutakunywa nini, machozi?"

"Itanyesha."

"Itanyesha! Wewe na mbwa wako wa kizungu mtanizika."

Kwa hiyo Idarousse alijiwekea utaratibu ambao mtu yeyote msafi wa mji ule angejiwekea. Suruali moja kuukuu na shati lake viliishi kwenye msumari karibu na geti. Alikuja kazini na kanzu, akaivua katika chumba cha nje, mbwa asikomwona, akavaa suruali. Jioni akaivua suruali, akanawa, akavaa kanzu yake akatoka kwa mlango wa nyuma wa kiwanja kwenda msikitini. Kwa miaka sita kanzu yake haikuwahi kumkaribia mbwa hata kwa hatua kumi. Alijivunia jambo hilo.

Wiki zikaenda. Hatua arobaini zikawa thelathini, thelathini zikawa kumi na tano. Wapaka rangi walipita na ndoo zao na Kaporali aliwatazama, kisha akamgeukia Idarousse kudai samaki. Mafundi walitikisa vichwa. Wiki ya tano mbwa alikaa kando ya geti wakati kijana wa mkate anapita, akapiga mwayo. Idarousse akaanza kulala vizuri.

Ijumaa ya wiki hiyo, akiwa njiani kwenda msikitini, alikumbuka kwamba hakukaza fundo la kamba. Akarudi. Hakuwa na haja ya kubadili nguo. Ni kutazama fundo tu. Akafungua geti, na Kaporali akamjia na meno yote nje.

Alimrukia yeye! Yeye aliyemlisha miaka sita! Idarousse alianguka chali, kanzu ikachanika kutoka gotini mpaka chini, na ni sauti yake tu, alipopiga yowe, iliyomfanya mbwa asimame ghafla, anuse, kisha ajilaze tumbo chini akilia. Idarousse alikaa pale pale mavumbini. Hakuumia mwilini. Lakini roho ilimuuma sana, akaona kazi yote ya wiki tano imekwenda bure na askari anaweza kuja hata kesho.

Akiwa bado amekaa hapo, jiwe likapita kati ya vyuma vya geti, likampiga Kaporali ubavuni. Likafuata la pili. Idarousse akainuka. Barabarani walikuwa wakipita wanaume wa mtaa, wote na kanzu zao nyeupe za Ijumaa, wamekwisha kutawadha, kila mmoja na kokoto mkononi kumfukuza mbwa asije akawatia najisi.

"Mnafanya hivi kila Ijumaa?" aliuliza.

"Kila Ijumaa," alijibu Mmadi, mshona kofia, bila kuona aibu. "Tangu mzungu aje. Kwani wewe hujui?"

Hakujua. Ijumaa yeye hutangulia msikitini mapema, tena kwa mlango wa nyuma. Akatazama kanzu za wale watu, akatazama yake iliyochanika, na mambo yakamkaa sawa kichwani. Mbwa huyu hakuwa anamrukia Idarousse. Alikuwa anairukia kanzu. Samaki wote wa wiki tano walitoka mkononi mwa suruali, na kila kanzu aliyoijua ilileta jiwe.

Na Mutsamudu, mji ule wa masharifu na wafanyabiashara, ungempa nini zaidi ya kanzu?

Zilibaki wiki tatu. Naïma alipoona kanzu iliyochanika alilia kweli, maana ndiyo ile ya sikukuu, na aliposikia kwamba kaka yake hataki ishonwe, bali ataivaa kwa mbwa, aliacha kulia akamtazama kama mtu aliyepandwa na pepo. Lakini kesho yake Idarousse aliitundika kanzu kwenye kichaka, hatua arobaini, akaanza upya. Siku ya nne akaivaa mwenyewe. Siku ya nane Kaporali alikula samaki kutoka kwenye pindo lake.

Ili mbwa azoee kanzu za watu wengine pia, alimwendea Mmadi. Hakumwomba asirushe mawe. Angebishiwa mpaka magharibi. Alimwomba hivi: "Wakati wa kwenda, piteni barabara ya chini. Wakati wa kurudi, piteni hapa. Mmekwisha kuswali, mnaogopa nini?"

Mmadi alitafuta kosa katika maneno hayo, akaambulia patupu. Ijumaa mbili mfululizo, baada ya swala, wanaume wa mtaa walipita getini mikono mitupu, mmoja mmoja, wakicheka, na Kaporali akala samaki mpaka akavimbiwa.

Miezi miwili ilipotimia, Idarousse na mbwa walipanda boti ya mizigo kwenye bandari ndogo ya Moroni. Ilikuwa ifike Mutsamudu Alhamisi. Mashine ikasumbua njiani, wakafika Ijumaa, saa saba mchana, watu wakianza kutoka msikitini.

Idarousse alisimama pale gatini akautazama mji. Mutsamudu ya ndani ni vichochoro. Watu wawili wakikutana, mmoja anageuka ubavu. Yeye alikuwa amemfundisha mbwa kuvumilia kanzu za wengine kwa hatua kumi na tano, kwa hatua kumi, kwa hatua tano. Humu hapakuwa na hata mbili. Akafikiri kungoja watu waishe njiani, lakini msimamizi wa Djaanfar alikuwa amekwisha kuja kuwapokea, na alitumwa ashuhudie kila kitu.

Wakaingia. Kanzu ya kwanza, samaki. Kanzu ya pili, samaki. Wanawake waliojifunika shiromani zao nyekundu walipiga yowe wakarudi milangoni, na watoto wakapanda ngazi za mawe. Kaporali alikuwa anatetemeka. Penye kona ya tatu mfuko wa samaki ukaisha, na hapo hapo kundi zima la wanaume, ishirini au zaidi, likateremka kuwaelekea, weupe mtupu kutoka ukuta hadi ukuta.

Idarousse alipiga magoti. Akamkumbatia mbwa shingoni kwa mkono wake mtupu, pua mbichi ikamgusa shavu, mate yakamshuka shingoni, wala hakujali. "Tulia, mwanangu," alimwambia. Wanaume wakakusanya pindo za kanzu zao, wakajibana ukutani, wakapita mmoja mmoja wakisoma istighfari. Kaporali alitetemeka mpaka wa mwisho alipopita. Hakutoa sauti.

Djaanfar aliwangojea mlangoni mwa ghala, mtu mnene, mchangamfu, na kanzu yenye darizi. Msimamizi alipomsimulia, akapiga makofi. "Ana adabu kuliko wapwa zangu! Hebu tuone kazi yake." Akamtuma mpagazi, naye akiwa na kanzu ya Ijumaa, aingie kwa mlango wa nyuma, atoke mbio na gunia la karafuu begani.

Mpagazi akatoka mbio. Kaporali akamtazama, akatikisa mkia, akakaa chini kungoja samaki.

"Mzee Idarousse," Djaanfar alisema kwa upole, "mimi niliomba mlinzi. Wewe umeniletea mgeni wa harusi. Boti inarudi Moroni kesho. Rudi naye."

Idarousse alikuwa amefanya alichoambiwa, bila kupunguza hata chembe, na kwa kukifanya vizuri hivyo ndivyo alivyompeleka mbwa kwa askari. Akamfikiria Naïma na birika lake, na geti la Bwana Charif lenye rangi mpya, kazi ambayo ingali yake. Kisha akatazama ndani ya ghala, akaona mkeka uliokunjwa pembeni.

"Mimi nimelinda geti miaka sita," alisema. "Silali ovyo. Nipe mkeka ule. Nitalinda mimi."

"Na mbwa?"

"Atakaa na mimi."

"Sasa mwizi akija," Djaanfar aliuliza, akianza kucheka, "atabweka nani?"

"Nitabweka mimi."

Djaanfar alicheka mpaka akajishika mlangoni. Alipomaliza akaona mwenzake hacheki hata kidogo. Amesimama tu, kamba mkononi, mate ya mbwa yangali shavuni, anangoja jibu. Djaanfar akaingiza mkono mfukoni, akampa funguo za ghala.