Siku za Mbalamwezi

Mimi si mtu wa kutulia, na mkataba wangu wa uuguzi ulipokaribia kwisha nilizidi. Nilikuwa naangalia simu kabla ya kunawa uso. Miaka mitatu katika zahanati ya ufuoni, upande wa Homa Bay, nilifanya kazi ileile ya walioajiriwa kwa kudumu, ila wao walikuwa na pensheni na mimi nilikuwa na wasiwasi. Hatimaye Migori wakaniita kwa usaili wa kazi ya kudumu, Jumanne asubuhi.

Jumatatu, siku moja kabla, ilikuwa kliniki ya kifua kikuu. Wagonjwa wote walikuja isipokuwa mmoja, kijana Mkuria wa Kegonga aliyekuja ziwani kuvua omena, wale dagaa wadogo.

Omena huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi. Mashua hupandishwa mchangani na wavuvi wa mbali hurudi kwao. Kila mtoto wa ufuoni analijua hilo, nami nililijua. Lakini kadi za wagonjwa tulizijaza kwa kalenda ya ofisini, kila baada ya wiki nne, na sikuwa na hamu ya kubishana na ofisi.

Mwezi wake wa pili wa dawa, kijana huyo alichelewa siku nne. Nilimfokea mbele ya foleni nzima.

"Sister, hiyo tarehe mbalamwezi ilikuwa inawaka. Tulikuwa tumeenda nyumbani."

"Kwani ni mbalamwezi ndio inakutibu?"

Foleni ikacheka. Nikaandika "mtoro" kwenye kadi yake kwa wino mwekundu, nikajiona mchapakazi kwelikweli.

Safari hii nilimpigia simu, ikawa mteja hapatikani. Nikatia vidonge vyake vya mwezi mzima kwenye mkoba. Nilijiambia Migori ni njiani kwenda kwao, nikimaliza usaili nitampelekea.

Usaili wenyewe nilisubiri mpaka saa nane, nikikaa, nikisimama, nikienda msalani bila haja. Walikuwa watatu nyuma ya meza. Mmoja akaniuliza nitafanyaje ili wagonjwa wa mbali wasikatize dawa. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikawaeleza habari za omena na mbalamwezi. Nikasema zahanati yetu huwapangia wavuvi tarehe zinazofuata siku za giza, na anayesafiri hupewa dawa za kumtosha huko aendako. Wakaandika. Mwenyekiti akavua miwani akaniangalia.

"Huyu anawajua watu wake," akawaambia wenzake.

Hakuna hata moja kati ya hayo nililowahi kulifanya. Vidonge vilikuwa mapajani pangu, ndani ya mkoba, nami nikatabasamu.

Nikalala Migori, na Jumatano asubuhi nikapanda matatu, kisha bodaboda hadi kwao, nje kidogo ya soko la Kegonga. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi na mama yake. Aliponiona akasimama haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Sister, usikasirike. Dawa bado iko."

Akaingia ndani, akatoka na pakiti. Kweli, dawa ilikuwapo. Nilihesabu siku, nikahesabu tena. Ilipaswa kuwa imekwisha Jumapili.

"Imebakije?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nameza mbili badala ya nne, ndio isiishe kabla nirudi beach. Sikutaka uniite mtoro tena mbele ya watu."

Alisema kwa fahari kidogo, kama aliyenisaidia kazi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nusu dozi ni mbaya kuliko kuchelewa. Ugonjwa huizoea dawa, halafu dawa haifui dafu tena. Na kikohozi, mama yake akaniambia, kilikuwa kimerudi tangu wiki iliyopita.

Nikamwambia kosa ni langu. Akacheka kwa adabu. Hakuamini kwamba sister anaweza kukosea. Nikampa vidonge nilivyokuja navyo, na kikopo cha makohozi ili nikayapeleke kupimwa, naye akaenda nyuma ya ghala, mbali na watu, kama nilivyomfundisha.

Simu ikaita. Sikutarajia wapige mapema hivyo.

"Hongera," sauti ya mwenyekiti ikasema. "Jibu lako kuhusu wavuvi ndilo lililotuvutia. Unaweza kuanza Jumatatu?"

Nikasema ndiyo, asante sana. Nyuma ya ghala kijana alikuwa anakohoa kwa bidii, akijitahidi kunijazia kikopo.