Mbuzi Wachache wa Shangazi

Walipokuja wale vijana wawili wa kompyuta, mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa mkalimani, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu nilifaa au ni kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilisoma mpaka darasa la saba. Kiswahili changu nilikipata Embu mjini, katika duka la mbegu na dawa za mifugo, nilikoanza kwa kubeba magunia nikaishia kuuza kwenye kaunta. Kimbeere ni cha nyumbani. Mwenyekiti wa mradi wetu wa maji aliangaza macho huku na huku, akasema, "Wewe wa duka la dawa, hebu simama hapa katikati." Nikasimama katikati. Huko ndiko nilikobaki muda wote wa mambo haya.

Sisi ni watu wa chini ya Kiritiri. Tuna kisima kimoja kilichochimbwa kwa mashine, na tangi juu ya kilima. Kiangazi kikikolea, maji ni ya kugawana. Aliyegawa zamani alikuwa mzee mmoja tuliyemwita mfunguaji, kwa kuwa ufunguo wa bomba ulikaa kwake. Hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu ana mifugo wangapi. Akipita njiani aliangalia alama za kwato nje ya boma lako, na siku ya zamu yako akaacha bomba wazi kadiri alivyoona inafaa.

Lakini niseme pande zote mbili. Malalamiko yalikuwepo, na hayakuwa ya uongo. Mfunguaji alikuwa rika moja na kaka yangu, na nyumba yetu haikuwahi kupungukiwa. Waliohamia kutoka mbali walinung'unika, na walikuwa na haki. Kwa hivyo tulipoambiwa kuna mashine ya kugawa maji kwa kadi, isiyojua ukoo wala rika, hata mimi nilipiga makofi.

Vijana wenyewe walikuwa mwanamke na mwanamume, waliomaliza masomo huko Nchiru, upande wa Meru, wakapanga vyumba huko huko na kuanza kazi ya kutengeneza mifumo. Mwanamke ndiye aliyeuliza maswali; tulimwita madam. Mwenzake alikuwa akiandika kwenye kompyuta bila kuinua kichwa.

Siku ya kwanza tulikutana ndani ya kanisa, kwa sababu ya jua. Madam akasema, "Kabla ya kutengeneza chochote, tumekuja kukusanya mahitaji yenu." Nikatafsiri.

"Barabara," akasema mzee mmoja papo hapo.

"Dawa ya kupe."

"Mnunuzi wa ndengu ambaye mizani yake haijalewa."

"Mume," akasema mama mmoja mjane kutoka nyuma, na kanisa zima likacheka. Nilisita kulitafsiri hilo, lakini madam alitaka kujua kicheko ni cha nini, nikamwambia.

"Mwambie mume ni mradi mwingine," akajibu. "Tuanze na maji." Watu walimpenda tangu hapo, na sisemi kwamba walikosea.

Kisha akaeleza. Nyumba zote zitapata maji sawa ya kunywa na kupika. Ya mifugo yatategemea idadi. "Kwa hivyo kila nyumba itaniambia ina ng'ombe wangapi na mbuzi wangapi."

Watu wakatazamana. Kwetu mtu hahesabu mifugo kwa mdomo, wala watoto. Mbuzi unamjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake. Ukishamtia katika hesabu umemwonyesha kwa kitu kinachokula. Mtu akikuuliza unao wangapi, unasema wachache, naye anaelewa hapo swali limekwisha. Mwenye mmoja husema wachache, na mwenye boma lililojaa mpaka ua unalegea husema wachache.

Mzee wa kanisa alisimama kuondoa aibu ile. "Mimi nimeokoka. Siogopi hesabu."

"Asante, baba," madam akasema. "Ni wangapi?"

Mzee wa kanisa akakohoa. "Wachache."

Aliyesema nambari alikuwa mmoja tu, askari mstaafu aliyeishi Nairobi miaka mingi. "Kumi na mmoja!" akasema kwa sauti ya gwaride. Akina mama wakainamisha vichwa, kana kwamba amevua shati mbele yao.

Zamu ya shangazi ikafika. Shangazi huyu ni dada ya baba yangu, na ndiye aliyetulea baada ya mama kufariki. Alikuwa mjane, akiishi na wajukuu, na mbuzi wake ndio waliokuwa ukuta wa nyumba ile: maziwa ya uji, na mmoja wa kuuzwa shule zikifunguliwa. Asubuhi wakitolewa bomani, vumbi lao lilionekana kutoka kwetu, ng'ambo ya korongo.

"Shosho," madam akamwita, yaani bibi, "mbuzi?"

"Vibuzi tu. Wachache."

"Wachache ni kama wangapi?"

Shangazi akaniangalia mimi, si yeye. "Mwambie huyu mtoto aandike watano, kama lazima aandike."

Vumbi lile nililijua. Lakini mkalimani husema kilichosemwa. "Amesema watano," nikasema. Mwenzake madam akabonyeza. Nami nilipofikiwa nilisema watatu.

Jioni niliwasindikiza hadi barabarani, nikamweleza madam desturi ile kadiri nilivyoweza. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alisimama akanisikiliza, akaniuliza maswali mazuri kuliko niliyoweza kujibu.

"Wewe unaweza kunipa nambari ya kweli ya shangazi yako?"

"Hapana."

"Huijui?"

"Naijua kwa macho. Sijawahi kuihesabu."

"Na hata ungeijua, mzee," akasema, ingawa sikuwa mzee bado, "nikiandika nambari niliyopewa na mpwa wake, kesho kila mtu ataleta mpwa. Si ndiyo shida ile ile ya mfunguaji?"

Alikuwa sawa. Nilijaribu kutafuta mahali alipokosea nikakosa, na usiku huo niliandika hivyo katika kitabu changu cha siku: madam ana haki, shangazi ana haki.

Baada ya majuma kadhaa walirudi na karatasi kubwa, wakaibandika ukutani kanisani. Ilikuwa na visanduku na mishale: mtu, kadi, bomba, tangi. "Tunataka mtuambie kama hivi ndivyo mnavyotaka," madam akasema. "Tukikosea sasa, ni rahisi kurekebisha. Baadaye ni vigumu."

Alirudia maneno hayo mara nyingi, nami nikayatafsiri kila mara. Lakini akina mama walikuwa wameshapika chai na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, wageni walikuwa wameshakula, na kwetu mgeni aliyetoka mbali kwa ajili yako humwambii usoni kwamba kazi yake ina kasoro. "Ni nzuri," watu wakasema. "Ni nzuri sana." Shangazi alikwenda hadi ukutani akapapasa mshale mmoja kwa kidole, akasema, "Ona vile imenyooka." Kamati ikatia sahihi.

Kadi zilikuja kabla ya kiangazi. Zilikuwa za buluu. Unagusisha kadi kwenye kisanduku cha bomba, maji yanatoka, na haki yako ya juma ikiisha yanakatika hata kama mtungi haujajaa. Mfunguaji alizoea kuja akasimama pale pale pa zamani. "Kazi yangu ni kusalimia watu siku hizi," akaniambia.

Jua lilipokaza, watu walianza kumwendea madam mmoja mmoja kila alipokuja kukagua. Walijifanya wanauliza habari ya kadi iliyochubuka, kisha wakanong'ona nambari. Mzee wa kanisa alinong'ona. Mimi sikunong'ona, niliandika kwenye kipande cha karatasi nikakikunja, nikampa bila kumtazama. Sitaiandika hapa pia. Nina wachache.

Shangazi hakwenda. Maji ya mbuzi watano yalikuwa yakiisha mapema katika juma. Nilipeleka mitungi michache ya kwangu, lakini haikutosha, na yangu nayo yalikuwa na wenyewe wanaolia bomani. Nikaenda kumsihi.

"Tata," nikamwambia, kwa maana ndivyo tunavyomwita shangazi, "watu wote wamesahihisha."

"Watu wote wana mdomo wao."

"Si lazima useme. Andika tu. Au niandike mimi, wewe utikise kichwa."

"Kwani karatasi ni bubu? Karatasi ndiyo inaongea zaidi. Mdomo husahau." Alikuwa akipepeta ndengu, na hakuacha kupepeta. "Nilihesabu mara moja tu maishani. Alikuja mtu wa serikali, amevaa viatu vizuri, akasema serikali inataka kujua watoto. Nikamtajia wote, na miaka yao. Nilijivuna, nakwambia. Kabla ya mvua kuisha, surua ilichukua wawili."

Binamu hao nilikuwa nawajua kwa makaburi tu. Nilitaka kumwambia kwamba surua iliingia nyumba nyingi mwaka ule, hata zile mtu wa viatu vizuri hakufika. Naamini hivyo. Lakini siku chache tu nyuma mimi mwenyewe nilikuwa nimeikunja karatasi yangu ili nambari isionekane, na sikuwa na uhakika wa kutosha hata wa kumwambia mtu mwingine.

Nikaenda kwa kamati. Waliniketisha vizuri na wakanisikiliza. Askari mstaafu, ambaye alikuwa mwanakamati sasa, ndiye aliyenijibu. "Mimi nilisema ukweli siku ya kwanza, mkanitazama kama mchawi. Mnakumbuka? Leo huyu mama apewe maji ya mbuzi aliowakana?"

"Hakuwakana. Hakuwataja."

"Bomba halijui tofauti hiyo."

Mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, "Aje mwenyewe aseme. Hatukatai." Na kweli hawakukataa. Kila mlango ulikuwa wazi, ila shangazi hakuwa mtu wa kupita katika mlango ule.

Aliyejaribu zaidi ni madam. Nilipompigia simu kumweleza, alikuja, akakaa kwenye kigoda uani kwa shangazi, akakunjua sketi yake magotini. "Shosho, leo siulizi wangapi. Nisimulie tu hao mbuzi. Yule mweusi pale ni nani?"

Shangazi akachangamka. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba hivyo. Yule mweusi mwenye doa sikioni ni binti wa yule aliyevunjika pembe. Yule wa kijivu alizaa mapacha siku ya harusi ya jirani, wakaitwa Harusi wote wawili. Yule mwekundu ni mwizi, anafungua jiko. Nilitafsiri haraka mpaka koo likakauka. Tulikuwa tunacheka sote watatu. Nikawaza, kumbe njia ilikuwepo, ilihitaji tu mtu mwenye akili kuliko mimi.

Kisha macho ya shangazi yakatua kwenye mkono wa madam. Chini ya daftari, kila mbuzi aliyetajwa alikuwa ameachiwa kijistari kidogo kilichosimama, kimoja kando ya kingine, kama ua wa boma.

"Anahesabu," shangazi akaniambia.

Madam hakuhitaji tafsiri. Akaing'oa karatasi ile, akampa shangazi kwa mikono miwili. Shangazi aliipokea, akaenda nayo jikoni, tukaona moshi. Aliporudi alituletea uji. Hakuwa na hasira. Alimuuliza madam kama ana mume, akamwambia aje tena.

Tulikuwa karibu na barabara madam alipogeuka. "Ningeweza kuandika ile niliyoikumbuka," akasema. "Ninayo kichwani."

"Utaiandika?"

"Hajanipa, mzee."

Nilitamani kumwambia aiandike. Nilitamani pia kumshukuru kwa kutoiandika. Nikamsimamishia gari la Embu.

Juma lililofuata, vumbi la asubuhi ng'ambo ya korongo halikupanda kama kawaida. Nilipofika nilimkuta shangazi akifagia boma ambalo halikuwa limefagiliwa mpaka chini kwa miaka. Marehemu mume wake alikuwa na rafiki wa mifugo huko Ishiara, watu wa kutunziana wanyama tangu ujana wao, na kule mto haukauki kabisa. Mbuzi walikuwa wameondoka alfajiri na vijana wa rafiki yule. Mbuzi aliyekaa kwa rafiki si mbuzi aliyepotea, kila mtu anajua hivyo. Lakini maziwa yake hunywewa huko alipo, na shule zikifunguliwa ni safari kwenda kumwomba.

"Nimebakiza wa wajukuu," akasema.

Niliwatazama. Mwekundu mwizi alikuwepo. Macho yangu yalitaka kufanya kile yanachokatazwa, nikayaelekeza kwenye ufagio.

Mwisho wa kiangazi vijana wa kompyuta walipita nyumba hadi nyumba kuhakikisha kwamba yaliyomo kwenye mfumo ni ya kweli. Niliitwa tena kutafsiri. Kwa shangazi, madam alisimama nje ya ua na hakutazama ndani. Yule mwenzake, ambaye hakuwa na habari ya mambo hayo yote, aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake, akatazama bomani kwa nafasi yake, midomo ikitikisika.

"Hapa ni sawa kabisa," akasema. "Watano."

Shangazi akaniuliza, "Amesema nini?"

"Amesema wachache, tata."

"Ee," akasema. "Mwambie ni kweli."

Nikageuka, nikamwambia.