Mbao zangu za mkonge na magunia ya shangazi

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya mwalimu mkuu.

Mnazijua zile mbao ninazotengeneza hapa Korogwe: nayeyusha ndoo chakavu, nachanganya na nyuzi za mkonge, namimina kwenye fremu za chuma. Mwalimu alitoka Kabuku kuja kuzijaribu, anataka madawati.

Asubuhi nilikuwa nimechelewa. Nikatumbukiza mbao tano kwenye pipa la maji zikiwa za moto, zipoe haraka.

Ubao wa sita alinizuia shangazi yangu, aliyeshuka juzi kutoka Vugiri. Akauacha kwenye fremu, akaufunika magunia matatu, kama mtu anayepalia wali.

"Uache upoe wenyewe, mwanangu."

Nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea shangazi. Nilikuwa nimechoka.

Mwalimu alipofika akapanda juu ya ubao wangu wa kwanza.

Ukakatika katikati. Nyuzi zikachomoka safi, nyeupe, kama hazijawahi kukutana na plastiki.

Wa pili, hivyo hivyo.

Shangazi akaenda kwenye fremu. Akafunua magunia, akaleta wake, bado una uvuguvugu. Mwalimu akapanda, akarukaruka. Wala haukulia.

Plastiki ileile, mkonge uleule. Ila wa shangazi ulipoa taratibu, plastiki ikapata muda wa kuushika uzi.

Mwalimu akanipita, akamwendea shangazi. "Shikamoo mama. Nyingine kama hii utamaliza lini?"

Shangazi akaninyooshea kidole. "Muulize fundi. Mimi nilikuwa nafunika tu."

Nyie, mngejibu nini hapo?

Bora shangazi naye angenifokea.