Ukili wa Mama Uliokataa Mkono Wangu

Enzi zetu sisi watoto wa Sindeni, dukani kulikuwa na chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya mche na viberiti, basi. Kitu cha kuchezea hakikuuzwa, wala hatukujua kwamba kinaweza kuuzwa. Ulikitaka, ulikitengeneza. Salehe wa Mzee Kibwana aliunda gari la mabua ya mtama, magurudumu akakata kwenye malapa yaliyokwisha, na akipita nalo ananguruma kwa mdomo mpaka mate yanamchuruzika. Mwanaisha, jirani yetu wa upande wa kisimani, yeye alikuwa fundi wa watoto wa magunzi. Gunzi la hindi, kipande cha kanga iliyochoka, na nywele za katani. Katani ilitoka kwa mjomba wangu Athumani, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mkonge huko Hale. Akija likizo na furushi lake tulimzunguka kama kuku walioona pumba. Tuliwasuka nywele wale watoto, tukawaogesha, wakaoza kwa kuogeshwa, tukawazika kwa kilio, na jioni yake tunatengeneza wengine.

Wenzangu mliokua nyakati zile mtakumbuka na harufu ya ukindu ukichemshwa na rangi. Sufuria la zamani jikoni nje, moshi wa kuni mbichi, na yale majani yanatoka mekundu na ya zambarau yakidondosha maji. Vidole vyetu vilikaa na zambarau wiki nzima. Mwalimu wa shule akitukagua kucha anatuuliza tumechinja mnyama gani. Mimi shule sikukaa sana, niliachishwa mapema, lakini hiyo rangi naikumbuka kuliko herufi.

Mama yangu, Mwanahawa, alisuka mikeka. Kwa wasiojua, mkeka hausukwi mzima mzima. Unasuka ukanda mrefu mwembamba, ndio ukili, unauviringisha kadiri unavyokua, ukitosha ndipo unaushona ubavu kwa ubavu mpaka upana wa mkeka unapatikana. Mistari ya ukili inalala upande mmoja, kama mvua ya upepo, na inatakiwa ilale hivyo hivyo mkeka mzima.

Mama alinikalisha mbele yake, goti kwa goti.

"Kaa hapa nikuone macho," alisema. "Mtoto akikaa ubavuni analala, na ukindu unalala naye."

Mdogo wangu Zaituni ndiye aliyeachwa akae ubavuni. Alikuwa kitinda mimba, na hapakuwa na wa kumbandua kwenye paja la mama. Basi mimi nikawa natazama mikono ya mama kwa makini. Mkono wake wa kuelekea mlangoni ukikunja, na mimi wangu wa kuelekea mlangoni unakunja. Ule wa kuelekea mtungini ukivuta, na mimi wa mtungini unavuta. Sikukosea hata kidogo, au ndivyo nilivyodhani. Kili za Zaituni, pamoja na ulegevu wake, ziliingia kwenye mikeka. Zangu mama alizipokea, akazigeuza geuza, akasema, "Umebana vizuri, mwanangu," kisha akaziweka pembeni. Baadaye zikawa kawa la kufunikia ugali, au kapu la kuku kuatamia. Sikuuliza. Mtoto wa enzi zile akimuuliza mama kwa nini, anapewa ndoo akateke maji.

Nilikua nikiamini kwamba mkono wangu ni wa kapu la kuku. Nikaolewa, nikaja Korogwe, nikanunua mikeka kwa watu.

Sasa kwetu kuna jambo. Bibi mzaa mama ndiye anayemtandikia bi harusi mkeka wa kwanza nyumbani kwa mumewe. Akiukalia, hata kama ugenini hajazoea mtu, anakuwa amekaa kwao. Mama alianza ukili kwa ajili ya binti yangu Halima. Alipofariki, ukili ulikuwa umebaki kidogo utoshe. Halima akaolewa na mkeka wa kununua, wakwe wakaukalia kimya, na mimi nikatamani kuingia uvunguni. Ule ukili wa mama niliutundika darini juu ya moshi usiliwe na wadudu, na huko ukakaa miaka.

Asha ni binti wa Halima, nilikuwa naishi naye hapa Korogwe, na ndiye aliyenirudisha kwenye haya mambo. Watoto wa siku hizi wamegundua kutengeneza vitu nyumbani kama vile ni jambo jipya. Anaegemeza simu kwenye kopo la kahawa, humo mna mama mmoja mwenye kucha ndefu za bandia, anabandika, anakata, anatabasamu. Asha anamfuatisha. Ameivalisha chupa kamba za katani kwa gundi, akaiweka mezani.

"Bibi, unaionaje?"

"Ya mafuta ya kula?"

"Ni pambo, bibi."

"Inapamba nini?"

Alicheka akaniita mke mwenzake, maana ndivyo anavyonitania. Nilijikuta namsaidia kukata kamba, na vidole vyangu vikaanza kuwashwa. Wakati huo Asha alikwishachumbiwa na Hemedi, kijana wa Mkumbara, na siku ya harusi ilikuwa haiko mbali. Nikasema, kama yule mama wa kucha ameweza, mimi binti Mwanahawa nitashindwaje. Nitamalizia ukili wa bibi yake Halima, na Asha atakalia mkeka wa kwao.

"Bibi, siku hizi watu wanatandika wa plastiki," Asha akaniambia. "Unafutwa kwa kitambaa umekwisha."

"Mama yako alikalia wa kununua. Wewe hutakalia."

Akaniona uso, akaacha utani.

Niliagiza ukindu. Nikaushusha ukili wa mama, mweusi kwa masizi, nikaufuta na kuulowesha ulainike. Halafu nikaketi ukumbini na kuanza kusuka wangu. Ajabu ni kwamba mikono ilikumbuka. Mimi niliyesahau nilipoweka miwani yangu asubuhi, vidole vilikwenda vyenyewe. Nilisuka siku hiyo na nyingine, nikaona nimepata kipande cha haja, nikakilaza kando ya ukili wa mama nianze kushona.

Mistari ya mama inalala kulia. Yangu inalala kushoto.

Nikadhani nimekosea mwanzo. Nikafumua, nikaanza upya, kushoto. Nikabadilisha mahali pa kukaa, nikageukia dirishani, kushoto. Nikaugeuza ukili chini juu, mistari ikakubali, lakini ncha za ukindu, zile zinazobaki upande wa chini unapounganisha majani, zikawa juu. Mkeka wa hivyo bi harusi akiulalia anaamka na mikwaruzo mgongoni. Kuna asubuhi nilikaa nimeshika ukili wa mama mkono huu na wangu mkono huu, nikavitazama mpaka chai ikapoa. Mama ni huyu huyu. Mwanafunzi ni mimi. Nilimfuata jani kwa jani. Nani amegeuka hapa katikati? Nikaanza hata kujiuliza kama ni ukindu wa siku hizi, pengine unaota kinyume kwa ajili ya mbolea.

Asha akampigia Zaituni, ambaye bado yuko Sindeni ila macho yake yameingia ukungu, hawezi tena kusuka. Aliweka simu sauti ya nje.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, bi harusi. Dada yupo?"

"Nipo," nikasema. "Zaituni, ukili wa mama unanikataa. Wangu unalala kushoto."

Halafu nikamsikia anacheka kwa pua, kama alivyocheka tangu mdogo.

"Dada, wako umelala kushoto siku zote."

"Siku zote lini?"

"Tangu tuko Sindeni. Kwani unadhani kwa nini zako zilikuwa za kapu? Mama alisema tusikwambie. Alisema, 'Huyu anabana kuliko ninyi wote. Akijua amekwenda kinyume atauacha, mwacheni asuke.'"

Asha akauliza nilichoshindwa kuuliza mimi.

"Sasa alikwenda kinyume kwa nini, bibi, na mwalimu mmoja?"

"Mimi nilikaa ubavuni kwa mama, mkono wake wa kulia na wangu ikaenda pamoja. Dada alikaa mbele. Amefuata kama mtu anavyofuata kioo."

Tukaagana. Asha akaja akaketi mbele yangu mkekani, akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Nifuate, bibi, kama ulivyomfuata mama yako."

Nikanyoosha wa upande ule ule, wa kuelekea dirishani. Nikautazama. Wa kushoto. Nikautazama tena, labda umenidanganya. Mimi hadi leo nikiwaza sana jambo hili kichwa kinazunguka, kwa sababu macho yangu yaliona sawa na mkono wangu ulitenda sawa, halafu vikazaa kinyume. Nilijaribu kusuka kwa kulazimisha, mkono wa kulia ukunje. Vidole vikakwama kama vya mtu mwingine. Mkono wa mwanamke mzee ukishakwenda njia moja maisha yote, huo si mkono tena, ni ng'ombe anayejua zizi lake.

Nikamwambia Asha, "Nunua wa plastiki, mjukuu wangu. Nimeshindwa."

Hakuondoka. Bado alikuwa ameketi mbele yangu.

"Na mimi nikikufuata wewe hivi hivi nilivyokaa?"

"Utapotea. Mimi nimepotea, wewe utapotea mara mbili."

"Labda nikipotea mara mbili nitafika."

Nilimpa majani ili tu anyamaze. Akazima simu yake mwenyewe, akaiweka chini kifudifudi, akaanza kutazama mikono yangu. Alikuwa mzito. Aliniuliza babu alinioaje na mimi sijui kusuka, nikamwambia babu yake alinioa kwa ajili ya miguu, mikono hakuitazama. Akachanganya majani, akafumua, akajikata kidole kwa ukindu, akanyonya. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bana, ukilegeza utavujisha mchanga," na sikuwa nimewahi kusema neno hilo, lilikuwa la mama.

Jioni tukaulaza ukili wake kando ya ule wa mama. Wake mpya, mweupe, una vilima na mabonde kama barabara ya kupanda Lushoto. Lakini mistari inalala kulia. Inaingia kwenye ya mama, huoni ilipokatika.

Nilishika pale kwenye maungio kwa muda. Asha akaniuliza kama nalia, nikasema ni moshi, na hapakuwa na moto.

Kilichobaki alisuka yeye, mimi nikiwa mbele yake nasuka ule wangu wa kinyume ili awe na cha kutazama. Kushona tulishona wote, maana sindano haina kulia na kushoto. Siku ya kumpeleka Mkumbara niliutandika kwa mikono yangu. Karibu wote mweusi wa masizi, ubavuni mweupe. Mama mkwe wake akaupapasa, akauliza, "Huu kasuka nani?" Nilitaka kujibu, nikaona maelezo ni marefu. Nikasema, "Wa kwao." Asha akaukalia, akakunja miguu vizuri.

Nimerudi Korogwe, na nyumba ina nafasi nyingi mno. Majirani wana watoto, huwa wanakuja kunisalimia. Wanasema shikamoo, kisha wanaketi wote kwenye kochi, bega kwa bega, wanatazama simu moja. Si watoto wabaya. Wanajua kutengeneza vitu vingi kuliko sisi, hata keki wanatengeneza kwa kumtazama mtu aliye nchi nisiyoijua. Ila wote wameelekea upande mmoja. Enzi zetu mtu alikufundisha akiwa anakutazama machoni, na ukikosea alijua, na pengine alinyamaza kwa kukupenda ukaendelea kukosea hadi uzeeni. Sijui kipi ni bora. Nawaza, sipati.

Ukindu umebaki. Asubuhi natandika ukumbini, nakaa, naanza ukili mwingine. Unalala kushoto, nauacha ulale. Mbele yangu nimeacha nafasi ya mtu kukaa.