Nadine Kati ya Majivu na Maziwa

Nadine alirudi Kasongo kutoka Salamabila na godoro moja na hasira mbili: ya mume na ya wakwe. Mdogo wake Jean-Paul alimpokea vizuri mno, na mtu akipokea vizuri mno mimi, jirani yao, huangalia mikono yake.

"Yaya, dada yangu, kile chumba cha nyuma iko chako mpaka kufa. Paka rangi unayopenda."

Kilikuwa matofali matupu. Nadine alichota pemba, ule udongo mweupe, akauchuja kwa kitambaa, akauchanganya na uji wa muhogo ushike. Akapaka ukutani vipande viwili vya ukubwa wa sinia: kimoja alikitia majivu, kingine udongo wa njano kidogo.

Nikamwambia vyote vyeupe tu.

"Wewe unajua rangi mbili, ya chakula na ya njaa," akanijibu. "Ngoja vikauke. Ukichagua kibichi, unachagua maji."

Siku tatu alifungua dirisha asubuhi na jioni, akavitazama. Cha majivu kilipoza macho wakati wa jua, lakini mawingu yakifunga kilinuna. Cha njano kilikuwa kama maziwa yaliyoguswa na chai. Hata mvua ikinyesha, ukuta ulionekana umeamka.

"Nimelala kwenye huzuni miaka saba," alisema. Akachagua maziwa, akapaka chumba chote kwa kiganja, wiki nzima, mpaka ngozi ikamchubuka.

Jumapili mimi na Nadine tulipotoka misa tulimkuta Jean-Paul chumbani na mwalimu mmoja mgeni, anayetafuta pa kupanga. Mgeni alikuwa anapapasa ukuta.

"Rangi nzuri. Nani alichagua?"

"Mimi mwenyewe," Jean-Paul akasema bila hata kukohoa. "Nililinganisha mbili, nikaona hii haichoshi macho."

Jean-Paul akageuka, akamwona dada yake mlangoni.

"Yaya, usikasirike. Utalala sebuleni na watoto wangu. Halafu mwalimu anataka na chumba cha pili, rangi ile ile. Utatuchanganyia?"

"Mwenye kuchagua achanganye," Nadine akasema.

Akafunga godoro, akaita pikipiki ya kwenda Nyangwe kwa shangazi. Jean-Paul alimfuata hadi barabarani, akimuuliza udongo wa njano ni vikombe vingapi kwa ndoo. Atalala wapi, hakuuliza.