Alichosema Mwalimu Anselme

Watu wa nyumbani kwangu wamezoea: mvua ikianza kupiga bati, mimi nanyamaza. Wao wanapandisha sauti na kuendelea na mazungumzo yao, na mimi nakaa na kikombe mkononi nikitazama midomo inavyochezacheza bila neno kunifikia. Wanangu wanasema mama yao anaogopa radi, na mimi nawaacha waseme hivyo. Ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na tulikaa Bunia, upande wa Mbunya. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, tukishamaliza kula, nilienda kwenye mafundisho katika kapela ndogo ya matofali iliyonuka chaki na popo. Katekista wetu aliitwa Anselme, nasi tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Mtoto akikosea kukariri, hakumpiga. Aligeuka tu akatazama nje ya dirisha kwa huzuni, kama mtu aliyemwona mbuzi wake akiingia shamba la jirani, na aibu yake ilichoma kuliko fimbo. Aliyepatia alipewa karanga tano. Mimi nilikula karanga nyingi. Neno nililolisikia mara moja nililirudisha kama lilivyosemwa, na mama alipenda kunisimamisha mbele ya wageni nirudie mahubiri ya siku ya Mungu, pamoja na kikohozi cha padri. Mtaa mzima ulinijua kama mtoto asiyesahau, na mimi nilijivuna.

Vita vilikuwa vimeshaanza vijijini. Mjini vilianza polepole, kwa majirani kuacha kusalimiana. Kabila la Mwalimu halikuwa letu. Lake na letu ndiyo makabila yaliyokuwa yakichinjana. Lakini mke wake, Mama Vero, alikuwa mtu wetu, na walikuwa wamekaa katikati yetu tangu kabla sijazaliwa. Mwalimu alisema hajui mahali pengine pa kwenda na ubao wake.

Wakati huo niliona katika vitabu vya Injili hakuna neno hata moja la kusaidia Bunia. Nilikuwa nimeyakariri karibu yote aliyoyasema Yesu. Kulikuwa na maneno ya mpanzi na ya samaki, ya kodi na ya arusi. Sikuona neno la kumwambia baba yangu, aliyekuwa ameacha kupeana mkono na fundi wa baiskeli, jirani yetu wa kabila lile jingine. Basi siku moja nilinyoosha kidole.

«Mwalimu, Yesu alisemaka hii tu?»

«Hii tu namna gani?»

«Hii yenye iko mu kitabu. Hakuna ingine?»

Alivua miwani. «Weye, mama yako anaongeaka kidogo?»

Darasa zima likacheka, maana mama alijulikana.

«Basi fikiri,» akasema. «Alitembea na watu miaka mitatu. Alikula nao, alichoka nao, alilala kwao. Maneno ya miaka mitatu inaweza kuingia mu kitabu chenye unamaliza kusoma mbele ya jua kuanguka? Hata mwenye aliandika Injili ya mwisho alikubali yeye mwenyewe: hakuandika yote.»

«Sasa ile ingine iko wapi?»

«Ilibakia na wale walisikia.»

«Na wale walisikia wako wapi?»

«Walikufa, mutoto yangu.»

Debora, aliyekaa karibu nami, mdogo wangu kwa miaka mitatu, akasema kwamba Mungu hawezi kuacha neno la Mwana wake lipotee. Mwalimu aliirudisha miwani usoni. Alisema yaliyoandikwa yanatosha kumwongoza mtu mpaka kwa Mungu, na hilo alikuwa na hakika nalo. Kuhusu yale mengine, akasema, «Siye hatujue. Mutu akikuambia anajua, muulize nani alimwambia.»

Nilirudi nyumbani nimefurahi, jambo ambalo leo linanishangaza. Sikusikia kwamba maneno yalipotea. Nilisikia kwamba yapo mengine, na moyoni nikaamua kuwa katika hayo lazima liwemo moja la kwetu, ambalo mtu akilisema njia panda pale sokoni, wenye mapanga wangeyaweka chini. Nilikuwa mtoto. Kwangu kitu kilichopotea kilikuwa kitu kilichopo mahali fulani.

Watoto walizidi kupungua kwenye mafundisho. Kwanza waliacha wale wa kabila la Mwalimu, maana wazazi wao walihamia upande wao wa mji. Kisha wakaacha wa kwetu, maana wazazi wao walisema si vizuri kuonekana naye. Siku ya posho ya mwisho tulifika wawili tu, mimi na Debora, na mvua ikaanza kabla hatujamaliza sala. Ilikuwa mvua ya mawe. Mwalimu alijaribu kusema kitu, akaona haisaidii, akacheka, akaanza kutuandikia ubaoni.

Aliwaona kabla yetu, kupitia dirishani. Alitushika mabega sote wawili akatusukuma nyuma ya ngoma kubwa ya misa, iliyosimama pembeni, akajiwekea kidole mdomoni. Waliingia wanaume wanne, wamelowa, watatu wakiwa na bunduki. Mmoja nilimtambua: alikuwa akituuzia chumvi. Walikuwa watu wetu.

Nilitazama kati ya ngoma na ukuta. Mwalimu hakupiga magoti. Aliongea, tena kwa muda mrefu, mikono yake ikienda kama alipokuwa akitufundisha. Muuza chumvi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mara moja niliona anakubali kwa kichwa. Nilifikiri imekwisha, amewashinda. Kisha mwingine akamshika mkono, wakatoka naye. Mlangoni Mwalimu aligeuka upande wetu, akasema jambo moja tena, fupi. Niliona midomo yake. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga bati, na sikusikia hata silabi moja.

Watu waliukuta mwili wake kesho yake nyuma ya shule.

Siku ya tatu Mama Vero alikuja kwetu. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake, na Debora alikuwepo na mama yake. Mama Vero hakulia. Aliketi kwenye kiti kifupi mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu, akanishika mikono yote miwili.

«Weye unakumbukaka yote,» akasema. «Niambie. Alisema nini?»

Wanawake wote walinigeukia. Ningeweza kusema sikusikia. Lakini nilimwangalia usoni, na tena, lazima niseme ukweli, nilikuwa mtoto asiyesahau, na watu walikuwa wananitazama.

«Alisema, muambieni Mama Vero asiogope,» nikasema. «Abakie mu nyumba yake. Hii mambo itaisha.»

Debora aliniangalia, kisha akaangalia miguu yake. Mama Vero alifumba macho. Alirudia yale maneno taratibu, moja moja, kama mtu anayejifunza sala, akanibusu kwenye paji la uso. Kufikia wiki iliyofuata maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyeupe kwenye msalaba wa kaburi, na watu waliyasema wakikutana kisimani.

Haukupita muda mrefu wapiganaji wa upande ule mwingine wakaukaribia mji. Tulisikia mizinga asubuhi, na kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa barabarani, magodoro vichwani, kuelekea ziwani tutafute njia ya kuvuka kwenda Uganda. Tulipita kwa Mama Vero. Alikuwa anafagia uwanja.

«Tuende,» mama akamwambia. «Wanakuja.»

«Wenye wanakuja ni mashemeji yangu,» akajibu.

«Hawatakuuliza hiyo.»

«Bwana yangu alisema nibakie. Mutoto yako alisikia.»

Mama alinigeukia. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake, na alinitazama kwa namna inayonifanya niamini alikuwa ameshajua. Alikuwa ananingoja. Barabarani watu walikuwa wanapiga kelele tuondoke. Kilichotakiwa ni maneno mawili, «nilidanganya, Mama», na mimi niliyekuwa na maneno ya kila mtu kichwani nikatazama ufagio. Mama Vero alitupatia ndizi za njiani. Tuliondoka.

Tuliporudi Bunia baada ya miezi mingi, pale kwake palikuwa na majivu yaliyoota majani. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mama, mpaka alipokufa, hakulitaja jambo hilo.

Mwaka juzi nilikutana na Debora kwenye kilio cha mtu tuliyesoma naye. Sasa ni mwalimu wa katekisimu, mzito, mwenye sauti nzuri. Nilimvuta pembeni. Nilifikiri kwamba yeye alikaa karibu zaidi na mlango, pengine alisikia. Nilimuuliza kama anakumbuka Mwalimu alisema nini alipogeuka.

«Nawezaje kusahau?» akasema. Machozi yalimjaa. «Alisema, muambieni Mama Vero asiogope. Abakie mu nyumba yake. Nilisikia na masikio yangu. Nawafundishaka watoto hata leo.»

Nilimtazama vizuri. Hakuwa anadanganya.

Zamani nilidhani Mwalimu alitupatia fumbo la kitoto siku ile nilipomuuliza maneno mengine ya Yesu yako wapi, la kutuchangamsha. Leo najua alijibu nilichouliza, neno kwa neno, nami sikutaka kumsikia. Alisema maneno mengi kwa wale watu, na moja kwetu, na huenda hilo moja ndilo nililolitafuta. Kulikuwa na mashahidi wawili. Mmoja hakusikia, na mwingine anakumbuka uongo wangu.

Debora aliniuliza kama na mimi bado nayakumbuka vile vile. Nikasema ndiyo.