Magoti yangu kwenye mchanga mweusi

Mie niliyezeeka nikikemea waongo, juzi nimesema uongo mbele ya kadamnasi.

Mjukuu wangu Raya alinichukua kutoka Maskati mpaka kusini kabisa mwa dunia, kwenye barafu, tukashuka kutoka melini kwenye pwani ya mchanga mweusi wa volkano. Kiongozi wetu akatoa sharti: asikae mtu chini, nguo zisije zikawaletea ndege wa huko maradhi; atakayekaa hatoshuka tena kutoka melini. Raya akanitafsiria mara mbili, maana ananijua.

Lakini mchanga ule ulikuwa unafuka mvuke, na kwetu Qurayyat, huko Omani, mwenye magoti mabovu huyafukia kwenye mchanga wa moto. Nikajibanza nyuma ya jiwe, nikaweka mkongojo, nikajifukia mpaka mapajani. Raha yake siwezi kuieleza.

Tulipoitwa kurudi, kiongozi akaniuliza kitu. Raya akatafsiri, "Bibi, ulikaa chini?"

"Sikukaa," nikajibu, macho makavu.

"Bibi, koti lako jekundu limekuwa jeusi nyuma. Na mkongojo uko wapi?"

Nikageuka. Mkongojo ulikuwa kule kwenye jiwe, mbali. Njia yote ile nimeitembea bila fimbo.

"Mwambie anifungie melini," nikamwambia Raya. "Nitatembea humo humo."